Kutoka Tudor hadi Columbus: Binti, Kerezo na Deni la Riba



Katika msimu uliopita wa majani kupukutika, Mola alitujaalia safari ya kwenda Columbus, mji mkuu wa jimbo la Ohio, Marekani, kumzuru mwana wa ami yetu. Twataka kuwasimulia jambo moja tuliloliona huko, kwani limetufanya tujutie neno tulilolisema hapa nyumbani.

Columbus ni mji tambarare, uliotandaa, wa barabara pana na miti mingi. Upande wake wa kaskazini, kwenye barabara za Cleveland na Morse, mtu wa Mombasa hajioni mgeni. Maduka ya Wasomali yamepangana, madira yametundikwa milangoni, na nyama ya halali haitafutwi kwa tochi. Wako pia Wabarawa, ambao lugha yao, Chimiini, ni ndugu wa damu wa Kiswahili chetu. Mke wa ndugu yetu ni mmoja wao. Aliyakimbia mapigano ya 1991 akiwa mtoto, akalelewa Mombasa, kisha majaaliwa yakamvusha bahari. Usiku wa kwanza alituandalia mkate wa mofa na mchuzi wa nazi, tukasahau kwamba nje baridi yauma.

Asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, binti yao wa miaka 17 alitoka chumbani na mabegi mawili.

"Hili la skuli, Ami, na hili la chuo," alitwambia akicheka.

Tulidhani ni mzaha. Mtu huanzaje chuo hali hajamaliza skuli? Babake akatueleza. Tangu mwaka wa masomo wa 2015 hadi 2016, Ohio ina mpango uitwao College Credit Plus. Mwanafunzi wa darasa la 7 hadi la 12, akithibitisha kuwa yuko tayari kwa masomo ya chuo, huruhusiwa kuyasoma angali skuli. Somo moja huhesabiwa pande mbili: humsaidia kumaliza sekondari, na humpatia krediti, yaani kipimo kinachohesabiwa katika shahada yake ya baadaye. Akisoma katika chuo cha umma, aila yake hailipi karo wala vitabu. Kwa mwaka mmoja aweza kukusanya hadi krediti 30. Stashahada ya miaka miwili huhitaji takriban 60, na digrii ya kwanza takriban 120. Hesabu hiyo mama wa nyumba ataielewa upesi kuliko sisi.

Binti huyu amechagua uhandisi na ufundi wa viwandani. Hilo si ajabu mahali pale. Marysville, kaskazini-magharibi mwa Columbus, kipo kiwanda cha Honda ambacho kimekuwa kikiunda magari tangu 1982. Na chuo cha umma cha mji wenyewe, Columbus State, kilianza 1963 kikiwa skuli ya mafundi. Watu wa huko hawamwoni fundi kuwa ni mtu aliyeshindwa na masomo.

Siku chache baadaye tulipata ruhusa ya kuingia karakana anamosomea. Tulimkuta mbele ya kerezo la chuma linaloongozwa kwa kompyuta, miwani ya usalama usoni. Babu zetu wa Lamu walikereza miguu ya vitanda kwa mbao. Yeye akereza chuma, nacho chachubuka kama ganda la chungwa. Jicho letu, tukiri, lilikwenda kwanza kwenye mavazi yake. Akatambua.

"Ami, hapa kitambaa kinachoning'inia ni hatari," alisema. "Mashine ikikishika, itanivuta na mimi. Kwa hivyo hijabu yangu ni fupi, imebana shingoni, na ncha zake nimezitia ndani ya koti."

Tulimtazama tena, tukaona kwamba stara yake ni kamili na usalama wake pia. Hakuacha kimoja ili apate kingine.

Kipande alichokuwa amekikereza alikipima kwa mikromita. Kilikuwa kimepungua kwa sehemu mbili katika elfu moja za inchi, kiasi ambacho jicho la mwanadamu halikioni. Alikitupa katika pipa la vilivyokataliwa, akaanza upya bila ya kuambiwa. Hapo tukamkumbuka Nabii Daud, amani iwe juu yake, ambaye Mwenyezi Mungu alimlainishia chuma na kumfundisha kuunda deraya. Miaka mingi tumeisomesha aya hiyo madrasa. Siku ile ndipo tulipotambua kwamba kipimo sahihi ni amana, kwani chombo kibovu huja kumdhuru mtu asiyemjua aliyekiunda.

Jioni tulimuuliza mamake kwa nini amemtwika mwanawe mizigo miwili.

"Shemeji," alijibu, "hapa watu wengi husoma chuo kwa mkopo, na mkopo una riba. Mie sina pesa za kumlipia, na riba siitaki nyumbani kwangu. Kila krediti aipatayo sasa ni deni ambalo hatalibeba."

Neno hilo lilitunyamazisha. Mara ngapi tumekemea riba mimbarini, tusiwaonyeshe watu mlango wa kutokea!

Hata hivyo, mama huyo hakutuficha kwamba mlango una kizingiti. Alama mbaya hubaki katika kumbukumbu ya chuo, na mwanafunzi akianguka, skuli yaweza kuidai aila yake gharama. Tena, si kila krediti ya karakana hukubaliwa katika digrii ya uhandisi. Nyingine huishia kwenye stashahada ya ufundi. Ndiyo maana alikwenda kwanza kwa washauri wa chuo kuuliza kila somo litahesabiwa wapi, na ndiyo maana binti asoma hisabati ya juu pamoja na kerezo.

Tuliporejea Mombasa, tulipita Tudor, tukasimama mbele ya Chuo Kikuu cha Kiufundi. Vijana wengi hawajui kwamba pale palikuwa MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza 1951. Ilijengwa kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, Mabohora na serikali ya kikoloni, ili Waislamu wa Afrika Mashariki wasome ufundi. Wazee wetu waliliona jambo hili mapema.

Nasi tulisema nini? Miaka mitatu iliyopita, mzazi mmoja wa mtaani alitujia. Bintiye amepata nafasi ya kusomea uhandisi wa mitambo, je, ampeleke? Tulimwambia karakana si mahali pa mtoto wa kike, amtafutie kazi nyepesi. Hatukuuliza mazingira yake wala mavazi yake. Tulijibu kwa mazoea, na mazoea si dalili ya sheria.

Juma lililopita tulibisha hodi kwao. Binti sasa auza vocha na kupiga chapa karatasi za watu katika duka la jirani. Tulimwomba radhi mbele ya wazazi wake. Alinyamaza kitambo, kisha akasema:

"Nimekusamehe, Sheikh. Yangu yamepita. Lakini mdogo wangu yuko gredi ya 9, na atachagua njia ya kwenda nayo sekondari ya juu. Yeye ataka sayansi na ufundi. Akija kukuuliza, umwambie nini?"

Tulimwahidi kwamba tutakwenda naye sisi wenyewe kuiona karakana kabla ya kufungua mdomo. Wazazi wenzetu, nanyi fanyeni hivyo.