Mke Wangu Aliisikia Kwanza

"Hivi umeshasikia hii laptopu ukiinyanyua? Inasema tik."

Ilikuwa mwaka 2014, saa tatu usiku, nyumbani kwetu Nyegezi, Mwanza. Ndoa yetu ilikuwa na mwaka mmoja na nusu. Nilikuwa nimejilaza kwenye kochi naangalia mpira, nikamjibu bila hata kugeuka: "Mashine hizo, mke wangu. Zina kelele zake."

Akanyamaza. Mpenzi msomaji, kama umeoa au umeolewa unajua kuna ukimya wa aina mbili. Ule ulikuwa wa aina ya pili.

Laptopu yenyewe ilikuwa yake. Aliinunua kwa mshahara wake kabla hatujaoana, mimi nikajimilikisha taratibu kwa sababu kazi yangu ilikuwa Sengerema na ripoti zilikuwa haziishi. Ndani yake kulikuwa na picha za harusi, na kitu kimoja kisicho na bei: sauti ya marehemu mama yake. Mwaka mmoja kabla ya kufariki, mama alikaa uani kwake Ukerewe akarekodiwa akisimulia hadithi za Kikerewe alizomlea nazo binti yake. Hadithi 11. Nakala nyingine hatukuwa nayo. Si kwenye flashi, si kwenye CD.

Mara ya pili aliniambia kwa upole zaidi. "Mume wangu, mwanzoni ilikuwa tik moja. Sasa ni tatu. Halafu usiwe unaibeba ikiwa inawaka." Nikaona kama ananifundisha kazi. Si unatujua wanaume? Kitu chochote chenye waya tunadhani ni chetu.

Wakati huo daraja la Kigongo-Busisi lilikuwa halijajengwa. Siku hizi unakatiza ziwa kwa gari, kilomita 3 juu ya maji, tangu lilipofunguliwa Juni 2025. Enzi zile ilikuwa foleni, halafu pantoni. Asubuhi moja, tulipovuka na kurudi kwenye viti vyetu ndani ya basi, nikaifungua laptopu nimalizie ripoti. Basi likaruka tuta. Laptopu ikaruka nalo mapajani mwangu. Tik-tik-tik-tik. Kioo kikaganda.

Nikafanya nini? Nikaizaba kofi ubavuni kama redio ya mkulima. Nikaizima, nikaiwasha. Nikaizima, nikaiwasha tena.

Jioni nikamweleza mwenzangu. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu: "Na mama?"

Kesho yake tukaenda wote wawili kwa fundi, mjini. Yule kijana hakushika bisibisi. Aliuliza kwanza: "Inalia ikiwa imezimwa, au ikiwa inawaka?" Mimi sikujua. Mke wangu akajibu, "Ikiwaka tu, ukiisogeza."

"Basi msiiwashe tena, shemeji."

Akatueleza. Ndani ya diski kuu za aina ile kuna sahani zinazozunguka kwa kasi, nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika. Juu ya sahani kuna kichwa kidogo kinachosoma na kuandika bila kugusa. Kinaelea hewani, na pengo lake ni dogo kuliko chembe ya moshi. Ukiitikisa mashine wakati sahani zinazunguka, kichwa kinaweza kugusa na kukwaruza. Ndiyo maana baadhi ya kampuni ziliweka kihisi cha mtikisiko. IBM walikiweka kwenye ThinkPad mwaka 2003. Kikihisi mashine inaanguka, kichwa kinakimbizwa pembeni kupumzika. Kwa hiyo tik moja unapoinyanyua laptopu ya namna hiyo inaweza kuwa ni usalama wenyewe unafanya kazi. Lakini tik zinazojirudia huku mashine imeganda ni kichwa kinachotafuta njia na kuikosa. Na kila nilipoiwasha upya, nilikuwa nakilazimisha kukwaruza zaidi. Lile kofi ndiyo usiseme.

Akaichomoa diski, akaiunganisha na mashine nyingine, akaanza na faili za sauti kabla ya kitu kingine chochote. Zikatoka hadithi 8. Tatu hazikutoka. Picha nyingi za harusi tulizipata kwa mpiga picha. Hadithi za mama hatukuwa na pa kuziomba tena.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, laptopu yako ikilia unapoisogeza, anza na swali la yule fundi. Kama imezimwa na kuna kitu kinacheza ndani, huenda ni skrubu iliyolegea. Usiiwashe, maana ikigusa mahali pasipo pake inaweza kuunguza saketi. Kama inawaka na mvumo unabadilika ukiiinamisha, shuku feni. Ya kwetu ilikutwa na vumbi pamoja na wale wadudu wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama moshi. Taa yetu ya usiku iliwakaribisha. Kama kasha linalia na limebenuka, betri inaweza kuwa imevimba: zima, chomoa chaja, usiibonyeze, peleka kwa fundi.

Laptopu nyingi za siku hizi zina diski za SSD, ambazo hazina kitu kinachozunguka. Ukisikia tik humo, haitoki kwenye diski. Ila usidanganyike na ukimya wake, kwani diski hiyo inaweza kufa bila kukuaga. Iwe inalia au hailii, nakala kwanza, fundi baadaye. Na kabla ya kuibeba, izime.

Nilimwomba mke wangu msamaha. Sikumwomba kwa ajili ya lile tuta, kwa sababu diski ile ingeweza kufa hata ingekaa mezani. Nilimwomba kwa sababu alinipa miezi miwili ya kutoa nakala, kazi ya flashi moja na nusu saa, mimi nikamwona anasumbua. Ukweli ni kwamba sikuipuuza laptopu. Nilimpuuza yeye.

Siku hizi akisema "kuna kitu kinalia", iwe ni gari, ni bomba la jikoni, au ni mimi mwenyewe, nanyamazisha tivii kwanza. Mara nyingine si kitu. Mara nyingine ni kitu. Lakini hasemi tena mara tatu.

Zile hadithi 8 ziko kwenye simu yangu, kwenye simu yake, na kwa dada yake kule Nansio. Mtoto wetu huzisikiliza kabla ya kulala. Ya nane ikiisha anaulizia ya tisa, na mama yake anazima simu, anamsimulia kwa kadiri anavyoikumbuka.