Saa Moja kwa Juma

Yako maneno ambayo hayaandikwi katika daftari la mkutano. Hutamkwa baadaye, sala ya mwisho ikiisha, watu wakiteremka kilima kurudi makwao. Sisi tuliosomea ualimu tulifundishwa kuyategea sikio maneno hayo kuliko majibu ya darasani, kwa maana jibu la darasani mtoto hulitoa kwa ajili ya mwalimu, lakini neno la njiani ni lake mwenyewe.

Katika parokia yetu hapa Bukavu yumo kijana ambaye mapenzi yake kwa mashine yanajulikana na wote. Simu iliyoanguka majini hupelekwa kwake. Kompyuta ya ofisi ya parokia ikigoma, huitwa yeye kabla ya mtu mwingine. Huangalia filamu nyingi, hucheza michezo ya video pale umeme unapokubali, na juu ya kila kitu ana maoni, ambayo huyatoa kwa wepesi kama mtu atupaye maganda ya karanga. Kwa muda wa miezi kadhaa tumeyaokota maneno yake manne. La kwanza: filamu nzuri humfanya amfikiri Mungu kuliko mahubiri marefu. La pili: kompyuta na imani hazina ugomvi. La tatu: kucheza michezo ya video si dhambi, kwa kuwa hata mtakatifu alikuwa na PlayStation. La nne alilisema kwa sauti ya chini zaidi: teknolojia ni ya wenyewe huko ng'ambo, sisi tunaipokea tu.

Neno la kwanza halitusumbui. Mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Vatikano ilitoa orodha ya filamu 45 zinazostahili kuangaliwa, na si zote zinazohusu dini. Imo filamu ya Stanley Kubrick ya mwaka 1968, 2001: A Space Odyssey, ambamo kompyuta ya chombo cha angani inaacha kuwatii wanadamu iliowekwa kuwahudumia, na kuanza kuwaua. Hakuna padri anayehubiri ndani yake, lakini aliyeiangalia hulala amechelewa. Hata katika nchi yetu, kule Kasai, wamisionari wa Scheut walitengeneza katika miaka ya 1950 filamu za kuchekesha za Matamata na Pilipili. Zilikuwa na kiburi cha kikoloni cha wakati ule, jambo hilo halifichiki. Hata hivyo watu walicheka, na aliyecheka amekwisha kufungua mlango kidogo. Kuhusu urefu wa mahubiri, tunawaachia mapadri wajitetee wenyewe.

Neno la pili ni la kweli kuliko anavyodhani msemaji wake. Mwaka 1949 Mjesuiti mmoja Mwitalia, Padri Roberto Busa, alionana huko New York na Thomas J. Watson, mkuu wa kampuni ya IBM. Alitaka kuorodhesha kila neno lililoandikwa na Mtakatifu Thoma wa Akwino pamoja na mahali linapopatikana, kazi ambayo kwa mkono ingemaliza maisha ya watu wengi. Mashine za wakati ule zilisoma kadi zilizotobolewa matundu. Kadi hizo zilitobolewa huko Gallarate, karibu na Milano, na wasichana waliofundishwa kazi hiyo, ambao majina yao hayakuwekwa mbele kama jina la padri. Kazi ilidumu karibu miaka 30, ikachapishwa katika vitabu 56. Leo kijana akitafuta neno moja ndani ya maandishi marefu katika simu yake, anapita katika njia ambayo Padri Busa alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuifyeka. Tunaomba tu muwakumbuke wale wasichana. Tutarudi karibu nao baada ya kitambo kidogo.

Neno la tatu linahitaji subira zaidi, kwa sababu ni la kweli lakini limekatwa katikati. Mtakatifu anayesemwa ni Carlo Acutis. Alizaliwa London tarehe 3 Mei 1991 na wazazi Waitalia, akakulia Milano, akafa kwa ugonjwa wa kansa ya damu mjini Monza tarehe 12 Oktoba 2006, akiwa na miaka 15. Baba Mtakatifu Leo wa XIV alimtangaza mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, pamoja na Pier Giorgio Frassati. Amelazwa Assisi akiwa amevaa suruali ya jinzi na viatu vya michezo, na picha hiyo imewafurahisha vijana wengi kuliko vitabu vyetu vyote vya katekesi. Familia yake ilikuwa na mali. Hilo nalo tuliseme wazi, maana kijana wa Kadutu ana haki ya kulijua kabla ya kuambiwa amfuate.

"Mwalimu, hata mtakatifu alicheza," alituambia kijana wetu. Ndiyo, alicheza, na alipenda kucheza. Lakini yafaa pia kuuliza alicheza kwa muda gani. Carlo alijiwekea saa moja kwa juma. Hakuambiwa na daktari, wala umeme haukukatika. Aliona jinsi mchezo unavyoweza kumtawala mchezaji, akaamua mwenyewe mpaka uko wapi.

Wengine husikia habari hiyo na kudhani kwamba aliudharau mchezo. Sisi tunaona kinyume chake. Hakuna mtu anayejiwekea kipimo katika kula kitu asichokipenda. Kitu kama hicho hukiacha sahanini na kuondoka. Kipimo ni cha vile tunavyovipenda kweli. Hapa kwetu umeme hutuwekea kipimo bila kutuuliza, na katika vyumba vya michezo vya mtaani kipimo ni fedha iliyobaki mfukoni. Wapo wanaojisifu kuwa hawakucheza juma zima, kumbe ni mtaa uliokaa gizani. Na tunawajua, ninyi pia mnawajua, waliochezea fedha ya unga wa nyumbani, wakarudi na maelezo marefu. Saa moja ya Carlo haifanani na hayo yote mawili. Ilikuwa yake.

Saa zilizobaki zilikwenda wapi? Alihudhuria Misa kila siku. Aliwapelekea chakula maskini waliolala nje katika mitaa ya Milano. Aliwafundisha watoto katekisimu katika parokia yake, na hapo, mturuhusu, sisi makatekista tunamdai kuwa mwenzetu kabla hajawa wa watu wa kompyuta. Mtu aliyefanya kazi nyumbani kwao, Mhindu aliyetoka Morisi, aliomba ubatizo kwa kumwona mtoto huyo anavyoishi. Tena alisoma vitabu vigumu vya kompyuta ambavyo husomwa na wanafunzi wa chuo kikuu, akakusanya habari za miujiza ya Ekaristi zaidi ya 100 kutoka nchi mbalimbali, akazipanga pamoja na picha na ramani ili mtu yeyote azisome. Maonyesho hayo yamezunguka mabara yote. Kazi ya namna hiyo haifanyiki katika mabaki ya muda.

Sasa tuje kwenye neno la nne, ambalo hatukuweza kuliacha lipite: kwamba teknolojia ni ya wenyewe, sisi tunaipokea tu.

Mwaka 2000 Carlo alikuwa na miaka tisa. Mwaka huohuo PlayStation 2 ilianza kuuzwa, na simu za mkononi zilikuwa zikienea duniani kwa kasi. Ndani ya mashine hizo mna vidude vidogo kuliko punje ya mchele vinavyohifadhi umeme na kuutoa upesi, na baadhi yake hutengenezwa kwa madini ya tantali, yanayotoka katika mawe ambayo sisi huyaita koltani. Bei ya mawe hayo ilipanda ghafla. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa. Sisi tulikuwa walimu, na tuliona madawati yakibaki matupu. Vijana waliacha shule wakaenda kuchimba, wengine huko Masisi, wengine ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega iliyo karibu nasi, ambamo sokwe wakubwa na tembo waliwindwa ili wachimbaji wapate nyama. Mwaka uliofuata bei ilianguka kama ilivyopanda. Baadhi ya wale vijana walirudi, bila fedha na bila darasa.

Mji wetu wakati huo haukuwa hata na mchungaji wake. Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko alikuwa ameandika barua kwa ajili ya Noeli ya mwaka 1999, akilaumu unyonyaji wa watu na wa mali yao, na mwezi wa Februari 2000 wakubwa wa vita walimhamishia Butembo kwa nguvu. Alirudi Bukavu katikati ya Septemba. Tarehe 4 Oktoba akafa mjini Roma.

Tunaziweka habari hizi pamoja kwa makusudi. Mawe ya Kivu huchanganywa katika viwanda vya mbali na mawe ya nchi nyingine, na yakisha kuyeyushwa hakuna jicho linaloweza kuyatenganisha. Kwa hiyo mtoto wa Milano hakuwa na namna ya kuona mkono wa mchimbaji ndani ya mchezo wake, kama vile msomaji wa vitabu vya Padri Busa asivyoiona mikono ya wasichana wa Gallarate. Baba Mtakatifu Leo wa XIV alipowaeleza makardinali, tarehe 10 Mei 2025, kwa nini alichagua jina lake, alimtaja Leo wa XIII na waraka wake wa mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, kisha akataja akili bandia ya siku zetu. Wengi walioisikia habari hiyo walishika akili bandia. Sisi tulimshika mfanyakazi.

Tulimweleza kijana wetu hayo yote, tukidhani tumemshinda. Hakushindwa. "Mwalimu," alisema, "anayechimba udongo wa matofali si mwenye nyumba." Na amesema haki. Ni rahisi mno kujifariji kwamba simu ni yetu kwa kuwa jiwe lilitoka kwetu. Jiwe halimfanyi mtu kuwa fundi, na nchi inayouza mawe kisha ikanunua simu imelipa mara mbili. Hilo halitatatuliwa na kikundi cha vijana cha parokia moja, wala hatutaki mtu awadanganye kwamba litatatuliwa hivyo.

Lakini kuna jambo ambalo tulimwomba alipime. Carlo naye hakuitengeneza kompyuta. Hakuwa na kampuni, hakuwa na kiwanda. Aliinunuliwa na wazazi wake kama mtoto mwingine wa mji wake, yaani naye aliipokea tu. Tofauti ilianzia pale alipoitumia kwa jambo ambalo hakuna mwuzaji aliyemwagiza. Hakuna tangazo lililomwambia akusanye habari za Ekaristi. Kijana wetu alinyamaza, kisha akauliza hapa kwetu kuna nini cha kukusanya.

Kuna wazee waliokuwa barabarani siku ile ya Septemba 2000 Askofu Mkuu Kataliko aliporudi. Wanapungua kila mwaka. Wako waliokuwa walimu katika shule zilizobaki na madawati matupu, wako akina mama waliowasubiri watoto wao kutoka machimboni, na wako wachimbaji wenyewe, ambao sasa wana mvi. Hakuna aliyewauliza. Katika nyakati ngumu tunazopitia, wengi hawana hakika kama kuna atakayewauliza.

Kijana wetu ameanza. Ana simu moja yenye kioo kilichopasuka, ana daftari la kuandika jina la kijiji na mwaka, na wenzake wawili wa Xaveri humsaidia kubeba betri. Ameweka sharti lake mwenyewe: hamrekodi mtu kabla ya kukaa naye mara moja bila simu. Hadi sasa amewasikiliza wazee saba. Kwa wa nane alikwenda nasi Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili. Mzee aliigeuzageuza ile simu mkononi, akataka kujua kama inasikia Mashi. Kijana alimjibu kwa heshima, "Inasikia, Mzee. Wewe ongea tu, kuandika nitaandika mimi." Mzee akamwita mjukuu wake afunge mbuzi mbali kidogo, kwa sababu ya kelele, akaanza na jina la baba yake.