Kitabu cha Mwaka cha Shule Isiyokuwapo

Miongoni mwa matini ambazo sisi wanafunzi wa fasihi hatuzipi uzito unaostahili ni kitabu cha mwaka cha shule. Kila aliyepitia shule ya upili nchini Kenya anakifahamu. Kwanza huja ujumbe wa mwalimu mkuu, kisha neno la mhariri, picha ya viranja waliovaa tai, matokeo ya mtihani wa kitaifa, ripoti za vyama na michezo, na hatimaye picha za watahiniwa wa kidato cha nne, kila picha na maelezo yake mafupi: jina, bweni, wadhifa, mchezo, azimio. Kurasa za Kiswahili, zikiwapo, aghalabu hubanwa mwishoni karibu na vichekesho. Katika makala haya nanuia kueleza yale niliyojifunza kutokana na kitabu kimoja cha aina hiyo, ambacho kilikuwa cha Kiswahili tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na ambacho shule yake haikuwahi kujengwa.

Kitabu hicho tulikiandika kwa ajili ya mchezo, na mchezo wenyewe yafaa uelezwe. Mwaka 1974, nchini Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha mchezo uitwao Dungeons & Dragons, ambao ulifungua njia kwa michezo ya kuvaa uhusika. Wachezaji huketi kuizunguka meza. Mmoja huwa msimulizi. Waliosalia hujivika kila mmoja mhusika wake, wakasema kwa kinywa chake na kuamua matendo yake. Panapokuwa na shaka kama tendo litafaulu, dadu hurushwa. Mwanafunzi wa fasihi simulizi ataona mara moja kwamba jambo hili si geni kabisa kwetu. Ni kama utambaji wa ngano ambamo hadhira, badala ya kuitikia wimbo tu, imeruhusiwa kuingia ndani ya ngano na kuamua sungura atapita njia gani. Michezo hii imezaa matawi mengi, mojawapo likiwa lile la mashujaa vijana wenye nguvu zisizo za kawaida, kama ulivyo mchezo wa Masks wa mwaka 2016. Asubuhi vijana hao huenda shuleni. Usiku huokoa mji wao.

Tulikuwa sita, sote wanafunzi wa Kiswahili, likizoni Malindi. Mimi nilipewa kazi ya usimulizi. Katika kikao cha kwanza kila mmoja alikuja na shujaa wake, na mashujaa wote walitoka New York. Walivaa nguo za kubana, walikuwa na majina ya kigeni, na mmoja wao alikuwa na kipawa cha kuruka kutoka ghorofa moja ndefu hadi nyingine. Sasa, Spider-Man, ambaye alianza kuchapishwa mwaka 1962 akiwa mwanafunzi wa shule ya upili, ana maghorofa ya kumtosha kule kwao. Akija Malindi atarukia wapi? Atavunja makuti ya watu, adaiwe fidia. Tulicheka, lakini kicheko hicho kilificha swali zito: mbona tulipopewa uhuru wa kubuni shujaa yeyote tumtakaye, hakuna aliyembuni mtu wa kwao? Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Basi nikapendekeza kwamba kabla ya yeyote kuchagua nguvu, kwanza tuandike kitabu cha mwaka cha shule ambayo mashujaa hao wanasoma.

Shule tuliiweka kati ya Malindi na Gede, upande wa barabara unaotazama msitu wa Arabuko-Sokoke. Mwaka tuliouchagua ni 2004, wakati Malindi ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Pwani, kabla ya kuundwa kwa Kaunti ya Kilifi. Sababu ya kuuchagua mwaka huo itabainika. Picha tulizichora kwa kalamu ya risasi, kwa kuwa hatukuona vyema kuchukua sura za watoto wa watu tukazitia katika uwongo wetu. Kwa muda wa wiki mbili tuliandika, tukapiga chapa na kurudufu kurasa ishirini na nne.

Hapo ndipo tulipoigundua sajili ya kitabu cha mwaka. Ni sajili ya staha na ufupi, na kwa sababu hiyo ni sajili ya kuficha. Mwalimu mkuu wetu wa kubuni aliandika kwamba ukuta wa maabara uliporomoka mwezi wa Julai “kwa sababu ambazo bado zinachunguzwa”. Msomaji makini angefungua ukurasa wa kijana mmoja kutoka Marafa, kule kwenye makorongo mekundu ya Nyari, akasoma: “Mpole. Ameombwa asikanyage kwa nguvu.” Msichana kutoka Gede alielezwa kuwa “mpenzi wa historia, hupenda kukaa peke yake magofuni, na mara nyingine huchelewa kurudi”, hatukusema kwamba alikuwa akirudi kutoka karne ya kumi na tano. Mwingine, wa kijiji kilichopakana na msitu, alikuwa “msomaji hodari hata taa zikizimwa”, naye aliona gizani kama bundi mdogo wa Sokoke. Wa nne, mtoto wa mvuvi wa Shela, aliandikiwa tu: “Mchezo: hachezi. Husikiliza bahari.” Hakuna hata sentensi moja iliyotaja nguvu za ajabu. Zilikuwa zimejificha palepale ambapo kila shule huficha mambo yake, yaani katika maneno ya adabu.

Hata hivyo, mashujaa hao wanne walichukua nusu ukurasa kila mmoja. Kurasa nyingi zilikuwa za wanafunzi wa kawaida, na hao tuliwaandika kwa bidii ileile. Kila mmoja alipewa jina, kijiji na kazi ya mzazi: mvuvi, mpishi wa hoteli, mkulima wa mihogo, mchonga vinyago, mgema. Mwenzetu mmoja alilalamika kwamba tunapoteza wakati kwa watu ambao hawana kazi katika hadithi. Nilimjibu kwa kumkumbusha Fumo Liyongo. Katika utendi alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913, shujaa huyo mwenye nguvu zipitazo za binadamu anafungwa gerezani, na nguvu zake zote hazimfai kitu. Anayemwokoa ni mama yake, aliyeficha tupa ndani ya mkate wa wishwa, pamoja na kijakazi Saada, aliyeupeleka mkate huo mbele ya macho ya walinzi. Bila Saada hakuna utendi.

Mwaka uohuo wa 1913, huku kwetu, Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama katika Kaya Fungo, wakala viapo vya kuukataa utawala wa Waingereza. Yeye na Wanje wa Mwadorikola walikamatwa wakapelekwa magharibi mwa Kenya. Mwaka 1914 walitoroka na kurudi kwao, safari ya mamia ya kilomita. Hakuna awezaye kwenda mwendo huo bila kupewa maji na mahali pa kulala, na waliowapa hawakuandikwa popote. Shujaa, kwa hivyo, si nguvu zake pekee. Ni mtu aliyezungukwa na watu wanaomjua, naye anawajua kwa majina.

Mjadala mkali zaidi ulihusu mtu ambaye hakuwamo kitabuni. Katika picha ya timu ya netiboli ya mwaka 2002 tulichora wasichana saba na kuandika majina saba. Katika orodha ya watahiniwa wa 2004 yalionekana sita. Wa saba, ambaye tulimwita Kadzo, alikuwa ameacha shule katika kidato cha pili. Yeyote aliyesoma Kilifi na Malindi hahitaji kuelezwa sababu zinavyokuwa: karo, mimba, ugonjwa wa mama, au vyote kwa pamoja. Mwenzetu mmoja, mwanamke ambaye ni mzaliwa wa Ganze, alishikilia kwamba Kadzo apewe ukurasa. Wengine tulisema kuwa vitabu vya mwaka havifanyi hivyo. Huchapisha waliofika mwisho, nasi tulitaka chetu kifanane na vya kweli. Mmoja akapendekeza mahali pa picha yake pachorwe kigango. Pendekezo hilo lilikataliwa upesi, tena kwa haki. Kigango huchongewa marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu. Kadzo hakuwa mzee wa Gohu, na zaidi ya hayo hakuwa amekufa. “Nyinyi mtu akiacha shule mnamzika?” aliuliza yule wa Ganze. Hatukuwa na jibu. Kadzo alibaki katika picha ya netiboli tu.

Sasa nieleze kwa nini tulichagua mwaka 2004. Vitabu vya mwaka hufungwa mwezi wa Novemba, mtihani unapokwisha. Chetu kiliishia kwa kuwatakia wasomaji Krismasi njema na mwaka mpya wa fanaka. Hakikujua, kama ambavyo hakuna aliyejua, kwamba Jumapili ya tarehe 26 Desemba, saa kumi kasoro dakika mbili alfajiri kwa saa za Afrika Mashariki, ardhi ingetetemeka chini ya bahari karibu na Sumatra. Mawimbi ya tsunami yalichukua zaidi ya saa saba kuivuka Bahari ya Hindi. Yalifika pwani ya Kenya mchana, siku ambayo fuo hujaa watu wa sikukuu. Nchini Somalia walifariki karibu watu 300. Nchini Kenya aliripotiwa kufariki mtu mmoja. Tofauti hiyo ina sababu zaidi ya moja, lakini mojawapo inajulikana: habari zilitangulia maji. Fuo ziliamriwa kufungwa, na watu wakaambiwa watoke.

Katika mchezo wetu, kijana wa Shela aliisikia bahari ikibadilika kabla ya redio kusema. Wachezaji walipojaribu nguvu zao, waliona hazitoshi. Kukanyaga ardhi kwa nguvu hakuzuii bahari. Kwenda karne ya kumi na tano hakumwokoi mtoto aliyeko majini leo. Macho ya usiku hayana kazi mchana. Walikaa kimya kitambo, kisha mmoja akakifungua kitabu cha mwaka. “Baba yake Charo ni mvuvi wa Mayungu,” alisema. “Mama yake Swaleh anapika hotelini Watamu.” Ukurasa baada ya ukurasa wakawa wanagawana majina na vijiji, nani amwendee nani, nani ana baiskeli, nani anajua nyumba ya nani. Zile kurasa za watu wasio na kazi katika hadithi zikawa ndiyo hadithi. Dadu halikurushwa mara nyingi usiku huo; kazi kubwa ilikuwa kupasha habari.

Walipomaliza orodha, yule wa Ganze alifungua picha ya netiboli akauliza, “Na wa saba?” Hakuna aliyejua Kadzo anaishi wapi, maana kitabu hakikusema. Msimulizi huweza kulijaza pengo kama hilo kwa sentensi moja. Kabla sijanena, mwenzetu huyo aliomba amvue shujaa wake na kujivika uhusika wa Kadzo. Kwa kanuni za mchezo hilo lilikuwa jambo gumu, kwani Kadzo hakuwa na nguvu yoyote iliyoandikwa na kwa hivyo hakuwa na dadu la kurusha. Nilimruhusu. Akasema kwamba Kadzo yuko ufuoni Mayungu na karai lake la viazi, amesikia habari kwa redio ya mwenye duka, na hivi sasa anawatoa watoto majini. Kisha alisimama, akaanza kuwaita. Aliita kwa Kigiriama na kwa Kiswahili, mtoto mmoja mmoja, kwa jina lake na la mzazi wake, kwa dakika kadhaa. Sote tuliokuwa mezani tulinyamaza. Hatukumwokoa Kadzo, maana alikuwa ametutangulia.

Wapo watakaosema huu ni mchezo wa watoto, na kwamba shahada ya Kiswahili haitolewi kwa kurusha dadu. Nakubaliana nao kuhusu shahada. Lakini sikumbuki semina iliyowahi kunionyesha kwa uwazi kiasi hicho jinsi utanzu unavyochagua nani aonekane na nani asionekane. Kitabu cha mwaka hakisemi uwongo. Huchapisha orodha ya waliofika mwisho, na orodha hiyo ni ya kweli. Pengo huonekana tu mtu anapoilinganisha na orodha nyingine, na ni wachache wanaolinganisha.

Baadaye tulitoa toleo la pili la kitabu chetu. Badiliko lilikuwa moja. Badala ya orodha ya watahiniwa wa mwaka 2004, tulichapisha orodha ya wote walioingia kidato cha kwanza mwaka 2001, kila mmoja na kijiji chake, aliyemaliza na asiyemaliza. Ukurasa wa Kadzo aliuandika yule mwenzetu wa Ganze. Mahali pa bweni aliandika “Mayungu”. Mahali pa wadhifa hakuandika kitu. Mahali pa azimio aliandika “Kurudi”.

Wengi wetu tunaosoma jarida hili tutakuwa walimu, na si ajabu mwalimu wa Kiswahili akawa ndiye anayekabidhiwa ulezi wa jarida la shule, kwa kuwa hudhaniwa kwamba ana wakati. Ombi langu kwenu ni dogo na halina gharama ila ya ukurasa mmoja. Mnapoandaa orodha ya watahiniwa, iombeni afisi iwape pia orodha ya siku ya kwanza, ile ya walioingia, mziweke kurasa mbili zinazotazamana. Kisha wapeni wanafunzi kitabu, wasome wenyewe, na wakiuliza aliko fulani, waacheni waende wakamtafute.