Nyumba ya Bibi Katika Kijiji cha Makumbusho

Wengi wetu tunaoishi Mbagala tumezoea kudhani kwamba makumbusho ni mahali pa watalii. Hata hivyo, kando ya Barabara ya Bagamoyo, huko Kinondoni, kipo Kijiji cha Makumbusho, tawi la Makumbusho ya Taifa. Humo zimejengwa nyumba za jadi za makabila mbalimbali ya nchi yetu, na vikundi vya ngoma huonyesha sanaa zao nyakati za mchana.

Tulikwenda huko na watoto wetu watatu pamoja na bibi yao mzaa baba, mzaliwa wa Kisarawe. Tuliiona nyumba ya msonge ya Wahaya, ya duara na iliyoezekwa kwa nyasi, kisha tembe ya Wagogo yenye paa bapa la udongo. Tulipofika kwenye nyumba ya Wazaramo, mtoto wetu wa pili aliuliza: "Bibi, hii ni nyumba ya maskini?"

Tuliingiwa na haya, lakini bibi hakukasirika. Aliugusa ukuta, akasema: "Mjukuu wangu, maskini ni yule asiye na watu wa kumsaidia kujenga." Kisha akaeleza jinsi wanaume wa kijijini kwao walivyokata miti na kufunga fito, wanawake wakachota maji na kukanyaga udongo, na majirani wakakandika kuta bila kudai ujira, maana zamu ya kila mmoja ingefika.

Baada ya swala ya Alasiri tulitazama ngoma kwa muda mfupi. Bibi akawaambia wajukuu kwamba kwao kila ngoma ilikuwa na wakati wake na sababu yake, wala haikupigwa kwa ajili ya watazamaji.

Ndugu wasomaji, paa la makuti likioza, mafundi wataliezeka upya. Maelezo ya bibi hayana fundi wa kuyarudisha akishaondoka. Basi tuwapeleke wazee wetu mahali kama hapa wangali na nguvu za kutembea, tena tuwaachie wao kuongoza msafara.

Magoti ya bibi yamekwisha kuchoka. Inshallah, kabla ya Ramadhani tutakwenda naye Kisarawe, awaonyeshe wajukuu kiwanja ilipokuwa nyumba yake.