KADI YA DOLA, VUMBI LA SIGINO!

Leo tunaziacha fukwe na kumbi za muziki, tunapanda kaskazini hadi Babati, na tukishafika Babati tunachepuka kidogo hadi Sigino. Usiniulize Sigino kuna nini. Kuna mahindi, mbaazi, alizeti na hewa ambayo Kariakoo huipati hata kwa kununua. Halafu kuna somo la mkwanja, ambalo kijana yeyote mwenye kadi ya benki mfukoni analihitaji kabla hajapokea ufunguo wa gari lisilo lake.

Tuanze na njia. Wazee wanaoijua barabara ya Dodoma kuja Babati ya enzi zile watakusimulia habari za kulala njiani, matope hadi magotini na mikate kuisha kabla ya Kondoa. Siku hizi mambo ni mteremko. Lami ya Dodoma hadi Babati, kilometa 251, ilizinduliwa Aprili 2018 pale Bonga, nje kidogo ya mji, na Rais John Magufuli akiwa na rais wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, Akinwumi Adesina. Hicho ni kipande cha ile barabara ndefu ya kutoka Cape Town hadi Cairo, kwa hiyo ukisimama Babati kununua mahindi ya kuchoma, ujue uko katikati ya Afrika kwelikweli. Ukitokea Arusha ni kama kilometa 170 hivi. Unapita Makuyuni, unapita Kwa Kuchinja ambako wenye pesa zao wanakata kona kwenda Hifadhi ya Tarangire, wewe unanyoosha tu.

Babati ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara, ulioanzishwa mwaka 2002 baada ya kumegwa kutoka Arusha. Juu umekaa Mlima Kwaraa kama mzee anayelinda boma. Chini liko Ziwa Babati lenye perege, kambare na viboko ambao jioni hawana salamu na mtu. Sokoni utasikia Kigorowa, Kiiraqw, Kirangi na Kibarbaig, na Kiswahili kikiwaunganisha wote kwenye bei ya mbaazi. Sigino ni kata mojawapo ya Halmashauri ya Mji huo, ila usidanganyike na neno "mji". Ukiacha lami unaingia mashambani. Kiangazi ni vumbi linaloingia hadi kwenye meno, masika ni utelezi wa kuchezesha gari kama kindimbwindimbwi.

DADA WA MAREKANI NA KADI YAKE

Safari yenyewe ilikuwa ya kifamilia. Dada yangu, mtoto wa shangazi, anaishi Marekani, na alikuja kumtolea mama yake shukrani nyumbani Sigino. Bodaboda na bajaji zipo, lakini huwezi kumpakia shangazi na masufuria ya pilau kwenye bodaboda. Tulihitaji mkoko kwa siku tatu.

Dada akatoa kadi. Kadi hiyo, bwana, ilikuwa inang'aa! Ni kadi ya mkopo, yaani benki inalipa kwanza, wewe unakuja kuilipa mwisho wa mwezi. Aliichagua kati ya nyingi kwa sababu mbili: inampa pointi za safari kila anaponunua kitu, na ina bima ya magari ya kukodi. Binamu zangu wakashangilia wakidhani ndiyo tumemaliza. Dada akawaambia, "Subirini kwanza, nimesoma masharti." Msomaji wangu, mtu anayesoma masharti ya kadi ni mtu wa kuheshimu.

Tulikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kampuni ya kukodisha magari Arusha, yenye ofisi, mkataba na dipoziti. Ya pili, mzee mmoja jirani ya shangazi mwenye Noah, ambaye bei yake ni nusu, malipo kwa simu, na mkataba wake ni "mwanangu, si tunafahamiana?"

KADI INALINDA NINI HASA?

Hapa ndipo vijana wengi wanapopigwa chenga. Bima ya kadi za namna ile haifanyi kazi kwa sababu tu kadi iko mfukoni. Gari lazima likodiwe kwenye kampuni inayotambulika ya kukodisha, kwa mkataba wenye jina la mwenye kadi. Gharama yote ilipwe kwa kadi hiyohiyo. Na ile kinga ya uharibifu ambayo kampuni inakuuzia mezani, uikatae. Ukiikubali, ya kadi inakaa pembeni.

Hata ukitimiza yote hayo, kinachofidiwa ni gari la kukodi kuharibika au kuibiwa. Ukimgonga mtu, ng'ombe wa mtu au ukuta wa mtu, kadi haimo. Hiyo ni kazi ya bima ya gari lenyewe. Pia kuna magari yanayotengwa: malori, magari makubwa ya abiria, mara nyingi na magari ya kifahari. Kuendesha nje ya barabara rasmi nako kunatengwa, na wewe jiulize njia ya kuingilia shamba la shangazi itaitwaje na karani aliyekaa Chicago. Kadi nyingi za Visa za kule zina kikomo pia: siku 15 ukiwa nchini mwako, siku 31 ukiwa nje.

Kwa hiyo Noah ya mzee haikuwa na nafasi. Hakuna kampuni, hakuna mkataba, hakuna bima ya kadi. Dada alilijua hilo kabla hata hatujaenda kusalimia.

Je, pointi? Tukapiga hesabu juu ya mkeka. Tuseme gari la kampuni ni dola 80 kwa siku, siku tatu dola 240. Kadi ya kawaida inakupa pointi moja kwa kila dola, na pointi moja ina thamani ya kama senti moja. Umepata dola 2 na senti 40. Lakini kadi nyingi zinatoza asilimia 3 ukilipa nje ya nchi, yaani dola 7 na senti 20. Umeshangilia zawadi huku umepoteza mara tatu yake! Na baadhi ya wafanyabiashara wetu nao wanakuongezea chao ukitoa kadi badala ya noti. Kadi ya dada haikuwa na makato hayo ya nje, na hiyo ndiyo sababu ya tatu aliyoichagua, ambayo watu hawaioni kwa sababu haing'ai.

NOAH YA MZEE

Tulichukua Noah, lakini kwa akili. Namba zake zilikuwa za njano, maana yake gari binafsi. Magari ya biashara yana namba nyeupe. Hilo si jambo dogo. Bima ya gari binafsi kwa kawaida hailindi gari likikodishwa kwa pesa, na kampuni ya bima ikigundua inaweza kugoma kulipa. Tena mzee alikuwa na bima ndogo, ile ya mtu wa tatu ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo. Bima hiyo inamfidia uliyemgonga, gari lako linabaki na majeraha yake. Inayotengeneza gari lako ni bima kubwa, na hapo nako kuna kiasi cha kwanza cha hasara unachobeba mwenyewe. Uhai wa bima yoyote unaweza kuuhakiki kwa simu, kwa namba ya gari, kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA.

Sasa kaa ufikirie. Noah ile ndiyo iliyokuwa inapeleka watoto wa watu shule kila asubuhi, na ada ya binti wa mzee chuoni ilitoka humo. Ikianguka mtaroni, mzee hana gari, binti hana ada, na dada yangu ana deni ambalo kadi yake inayong'aa haitaligusa. Shangazi, ambaye hajawahi kushika kadi maishani, alisema neno moja tu: "Gari likivunjika, italipa kadi au watalipa ng'ombe wangu?"

Kimya.

Basi tukaenda kwa mzee, shikamoo, marahaba, chai ya maziwa, halafu dada akaomba karatasi. Mzee alicheka kwanza, kisha akaona heshima iliyomo. Tuliandika siku ngapi, bei gani, nani anaendesha, mafuta ya nani. Pancha na vioo, nusu kwa nusu. Likigongwa kwa uzembe wetu, juu yetu. Likifa injini kwa uchovu wake, juu yake. Tukapiga picha bampa, taa, stepni, mikwaruzo yote ya zamani. Mashahidi wawili, sahihi, basi.

Siku ya pili tukiwa kwenye lami, lori lililotutangulia likarusha jiwe. Paa! Kioo cha mbele kikapata ufa kuanzia kushoto hadi kulia. Ndani ya gari hakuna aliyepumua. Tulirudi kwa mzee moja kwa moja, hatukungoja asikie kwa watu. Akazunguka gari, akashika kioo, uso umembadilika. Kisha akaingia ndani, akatoka na karatasi. "Nusu kwa nusu," akasoma. Laki mbili za kioo, kila upande laki moja. Dada akatuma palepale kwa simu. Jioni hiyo mzee alikuwa nasi kwenye pilau, anamtania shangazi kuhusu ng'ombe wake. Bila ile karatasi, ningekuhadithia habari za majirani wasiosalimiana.

UKITAKA KADI, ULIZA HAYA

Kwanza, ni ya mkopo au ni ile ya kutolea pesa zako mwenyewe kwenye mashine? Wengi wetu tuna hiyo ya pili. Kwa kawaida haina bima ya gari, na dipoziti ya kampuni ikizuiwa humo, chakula cha safari kimezuiwa nacho. Pili, ada ya mwaka ni kiasi gani, na makato ya nje? Tatu, riba ikoje usipomaliza deni kwa wakati? Riba ya miezi miwili inaweza kumeza pointi za mwaka mzima. Nne, bima ya gari ipo kwa maandishi, na nchi unayokwenda imo? Tano, pointi zinatumika kwenye ndege unazopanda kweli, au za kwenye picha?

Dada aliitumia kadi yake pale inapong'ara: tiketi ya ndege. Huko pointi zilimwagika za kutosha. Gari la Sigino alililinda kwa karatasi ya daftari. Kadi inalinda mkataba, mshikaji. Pasipo na kampuni wala mkataba, kinga yako ni maandishi na jirani anayekuamini.

Ukipita Babati, lala hata usiku mmoja, ule perege pale mjini, uwasikilize viboko kwa mbali. Na ukikabidhiwa ufunguo wa mtu, omba karatasi kabla hujawasha gari. Tukutane wiki ijayo!