Chupa ya Fanta

Nilifika Diani saa kumi na moja jioni na begi moja, simu ikiwa asilimia 9, na maneno ya Kukhu niliyokuwa nimeyakariri tangu Nairobi kama mtu anayeenda kutoa ushahidi kortini. Mwambieni aje nimwone. Ni hayo tu.

Anayeambiwa ni mjomba wangu. Kwetu Matisi mjomba ni khocha, ila mimi tangu utotoni namwita anko. Aliondoka Kitale na gita nikiwa darasa la pili. Mara ya kwanza alirudi na shati la maua. Mara ya pili akarudi na pesa ya kuezeka nyumba ya Kukhu mabati. Halafu akaacha kurudi, na sasa ni miaka 11. Jina lake likitajwa nyumbani, mtu husafisha koo na stori inahamia bei ya mahindi.

Nauli nilitumiwa na mama mdogo. Mama mwenyewe hakujua. Mama alijua niko kampasi, mwaka wa nne, wiki ya mitihani. Ukweli ni kwamba niliacha chuo mwaka wa tatu, karo iliponishinda, na tangu hapo nakula kwa kuandika. Mara nyingi nawaandikia insha wanafunzi wa ng'ambo, ambao watapata digrii ambayo mimi sikuipata. Usicheke.

Baa ilikuwa mchangani kabisa, na usiku huo zilikuwa bendi tatu. Anko nilimkuta nyuma ya jukwaa amekalia spika, anakula chipsi.

“Wewe ni wa nani?”

“Wa dada yako.”

Akaniangalia muda. “Umerefuka,” akasema, kisha akasogea nikae.

Bendi ya kwanza ilikuwa ya vijana. Wawili wazungu wanaofundisha watalii kuteleza kwenye mawimbi, besi mse wa Ukunda, na kwenye ngoma dada mmoja aliyezipiga kama zina deni lake. Hakuna aliyeimba. Ni gita tu, imejaa mwangwi, ungedhani mtu anaipiga akiwa ndani ya tangi la maji. Surf rock, muziki wa vijana wa ufuo wa California mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mimi nimekulia mahali maji mengi niliyoyajua ni ya mvua ya Aprili, lakini mwili ulielewa kabla yangu.

Wakaingia “Misirlou”. Unaijua hata kama hujui jina lake, ndiyo inayofungua filamu ya Pulp Fiction. Vidole vinatetemesha waya juu, chini, juu, chini, hadi unamwonea mpigaji huruma.

“Hiyo ni udi,” anko akasema, mdomo umejaa.

Nilidhani ni bia inaongea. Baadaye nikaenda kusoma. Dick Dale, aliyeirekodi mwaka 1962, baba yake alitoka familia ya Walebanoni, na mkono ule aliuona kwa mjomba wake aliyekuwa akipiga udi. Udi uleule wa taarab ya Mombasa na Lamu. Anko hajawahi kusoma habari za Dick Dale. Alipiga gita kwenye harusi za Mombasa miaka kadhaa, akikaa karibu na mzee wa udi, na sikio lake likajua.

Bendi ya pili ilipiga rege. Watu walienda kununua pombe.

Ya tatu ndiyo ya anko, wazee watano, mashati sare ya maua. Wakaanza na “Jambo Bwana”, bila shaka. Teddy Kalanda wa Them Mushrooms aliutunga mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kufikia 1983 hata Boney M walikuwa na toleo lao. Tangu hapo hoteli za pwani hazijawahi kuuacha. Mimi nilikuja na dharau yangu tayari, nimeifunga kama sandwichi ya safari. Huyu ndiye aliacha familia, kumbe ni kwa ajili ya wimbo wa kusalimia watalii.

Waliupiga mara tatu usiku ule. Mara ya tatu niliacha kuangalia wazungu wakicheza nikaangalia mkono wake. Alikuwa anapiga kitu kingine kabisa chini ya ule wimbo, mstari mdogo unaotembea wenyewe, na hakuna aliyesikia ila mpiga ngoma, ambaye alicheka peke yake.

Wakati wa mapumziko nikatoa ujumbe wa Kukhu. Akakaa kimya. Kisha akaelekeza kidevu upande wa jukwaa, alipokuwa amesimama kijana na gita kwenye mfuko.

“Unamwona yule? Anakuja kila usiku. Mimi nalipwa 1,500 kwa usiku, hakuna karatasi nimetia sahihi. Nikikosa wiki moja, shati langu litamtosha.” Akafuta vidole kwenye suruali. “Na nishuke stendi ya Kitale na nini? Miaka 11, halafu begi la nguo?”

Sikuwa na jibu.

“Chuo kimefunga?”

Ningeweza kudanganya. Nimezoea. “Niliacha, anko.”

“Mama yako anajua?”

“Hapana.”

“Basi tuko wawili.”

Saa nane usiku wahudumu walikuwa wanapandisha viti juu ya meza. Akachukua gita kavu, ile isiyo na umeme, akakaa ukingoni mwa jukwaa. “Leta chupa ya Fanta. Ya glasi.”

Kama hujakulia magharibi utashangaa. Omutibo ya George Mukabi ndivyo ilivyo: gita kavu, sauti ya mtu, na chupa ya soda. Kukhu aliucheza ujana wake wote. Anko akaanza taratibu, na ndipo nikatambua ule mstari mdogo aliokuwa akiuficha chini ya “Jambo Bwana”. Mimi nikagonga chupa kwa kijiko, vibaya.

“Usikimbie,” akasema. “Hakuna mtu anakufukuza.”

Nilirekodi dakika nne kwa chaji ya kuomba kaunta. Mwishoni akainamia simu akasema, “Mayi, mulembe,” na sentensi mbili zaidi ambazo siziandiki hapa.

Asubuhi nilikuwa Likoni, nimebanwa kwenye feri kati ya mama wa maembe na baiskeli, nikiiangalia ile rekodi. Kukhu ana kabambe ya tochi, haifungui kitu kama hicho. Simu pekee pale nyumbani inayofungua WhatsApp ni ya mama. Nikituma, mama ataniuliza niko Diani kufanya nini wiki ya mitihani.

Feri iligusa ng'ambo. Watu wakaanza kusukuma. Nikatuma.

Nilikuwa kwenye matatu ya kuingia mjini jibu lilipofika. “Kukhu amelia. Amerudia mara nne. Anauliza chupa inagongwa na nani.”

Nikaandika: “Mimi.”

Tiki mbili za buluu. Kisha, juu ya kioo, yale maandishi madogo kwamba mama anaandika, yakakaa hapo hadi tukafika stendi.