Blake Hakufika Soweto

Nilidanganya, tena nikiwa na kipaza sauti mkononi. Katika ukumbi mmoja hapa Johannesburg, mbele ya watu waliokuja kusikiliza habari za michezo ya kale ya televisheni ya anga za juu, nilisema kwamba mwaka 1978 vijana wa Soweto walikuwa wakitazama Blake's 7 na kumwona Mandela ndani ya Blake. Sikuwa nimemuuliza hata mtu mmoja. Hadithi ilinikaa vizuri mno, nikaogopa kuiharibu kwa maswali.

Na kweli ilikaa. Terry Nation, aliyeutunga mchezo huo kwa ajili ya BBC, alimpa Roj Blake adui anayefahamika: serikali inayowatilia raia dawa kwenye chakula na maji ili watulie. Ilikuwa imemfutia kumbukumbu na kumlazimisha aungame hadharani. Alipoanza kukumbuka, ikambambikia kesi ya kuwanajisi watoto na kumhukumu apelekwe sayari ya wafungwa. Nani asingewaza Robben Island, alikofungwa Mandela? Kisha kuna Servalan, kamanda mkuu wa serikali hiyo, nywele fupi, gauni jeupe, anaamuru watu wafe bila kupandisha sauti. Na Travis, askari wake, jicho moja, mkono wa bandia, anamwinda Blake kama mtu anayedai deni lake binafsi. Aliyewahi kuishi na askari kanzu mtaani anamjua Travis wake.

Mzee mmoja wa Orlando, mtaa wa Soweto, aliningoja nishuke jukwaani. "Mwanangu, umeme wenyewe tungeutoa wapi?"

Nikaenda kusoma nilichopaswa kusoma kabla. Televisheni ilifunguliwa rasmi nchini humu tarehe 5 Januari 1976, kwa Kiingereza na Kiafrikana, na nyumba nyingi za Soweto hazikuwa na umeme. TV2 na TV3, za lugha za Waafrika, zilikuja 1982, wakati Blake ameshakufa: kipindi cha mwisho kilirushwa Uingereza tarehe 21 Desemba 1981. Lililonichoma zaidi ni Equity. Chama hicho cha waigizaji wa Uingereza kilikuwa kimekataa kazi za wanachama wake ziuzwe Afrika Kusini, kupinga ubaguzi. Yaani waliomzuia mwasi wangu mlangoni ndio waliokuwa upande wa Soweto, nami nikaufuta mgomo wao ili nipate watazamaji.

Nami nimekulia Dar es Salaam, ambako hapakuwa na kituo cha televisheni hadi 1994! Blake mwenyewe nilimjulia ukubwani, kwa kanda za kuazima.

Nilimrudia mzee kumwomba radhi. Hakutaka maneno mengi. Alitaka kujua tu huyo Blake aliishia wapi. Nikamwambia alipigwa risasi na Avon, mwenzake, aliyedhani amesalitiwa.

"Alimuuliza kwanza?"

Alimuuliza, nikakiri.

"Basi huyo kakuzidi."